Walimu wa Fizikia na Kompyuta Dodoma: tuache roboti za mgeni rasmi, tulete mashindano ndani ya kipindi

Ticha wa Mkondo (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wana Dodoma, na salamu kwa majirani wa Singida na Manyara.

Nafundisha Fizikia kidato cha pili hadi cha nne, shule ya serikali hapa hapa mjini. Vipindi vya Kompyuta nimevirithi baada ya mwenye somo kuhamishwa. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila msimu wa maonyesho naona kitu kile kile: roboti moja inayong'aa, imekaa juu ya kitambaa cha satini, mgeni rasmi anafika, roboti inanyanyua mkono, makofi, picha, imeisha. Ukimuuliza mwanafunzi aliyesimama nyuma ya meza mota inavuta ampea ngapi, anageuka kumtazama mwalimu wake. Ukiuliza programu kaandika nani, "kuna kaka mmoja wa chuo alitusaidia." Kisha roboti inafungiwa kabatini kwa mkuu wa shule mpaka mwakani.

Mimi nataka mashindano. Tena yasiwe ya klabu ya Ijumaa jioni yenye watoto wanane wale wale wanaojua kila kitu, yawe ndani ya kipindi cha Fizikia na cha Kompyuta, darasa zima, na alama zinaingia.

Wenzetu wameshafika mbali. Wamarekani wana FIRST, taasisi aliyoianzisha Dean Kamen mwaka 1989, na mashindano yao ya kwanza ya sekondari yalichezwa 1992. Kuna VEX. Kuna World Robot Olympiad iliyoanza 2004. Tangu 2017 kuna FIRST Global, ambako kila nchi inapeleka timu moja. Ile ya kwanza ilifanyika Washington zikafika nchi zaidi ya 150. Yote mazuri, lakini boksi la vifaa vya VEX au LEGO kwa shule yenye mikondo sita ya kidato cha tatu tusidanganyane. Na hata tungelipata: mechi ya VEX roboti inajiendesha yenyewe sekunde 15 tu, halafu dakika moja na sekunde 45 anaiendesha mtoto kwa rimoti. Somo langu mimi liko kwenye zile sekunde 15. Zinazobaki ni ufundi wa vidole, na vijana wetu wameshahitimu huo kwenye mabanda ya gemu.

Kwa hiyo nimechagua sumo ndogo. Sheria zake za kimataifa ni fupi: roboti isizidi gramu 500, sentimita 10 kwa 10, ulingo wa duara mweusi wenye kipenyo cha sentimita 77, na ukingo mweupe wa sentimita 2.5. Ukiiwasha inatulia sekunde 5 ndipo inaanza kumtafuta mpinzani. Anayemsukuma mwenzake nje kashinda. Rimoti marufuku. Sisi tumelegeza kidogo, sentimita 15 kwa 15 na gramu 800, kwa sababu mota za njano za bei chee hazienei kwenye kumi kwa kumi. Ulingo ni plaiwudi, rangi nyeusi isiyong'aa, na duara tumelichora kwa msumari na uzi.

Vifaa: Arduino Uno zile za kuiga (bodi ndogo inayobeba programu ya roboti), bodi nyekundu ya L298N ya kuendesha mota, mota mbili, kihisi cha sauti HC-SR04 cha kumwona mpinzani, na vihisi viwili vya mwanga chini kwa ajili ya ukingo. Vinapatikana Kariakoo, vinapanda basi au treni vinafika. Ukijumlisha vyote haufiki bei ya simu janja ya kawaida. Kundi la wanafunzi kumi, roboti moja.

Sasa utamu wenyewe. Sheria yangu darasani ni moja: roboti haigusi ulingo kabla namba haijaandikwa daftarini. Unataka kujaribu? Niandikie kwanza unategemea nini kitatokea, kwa yuniti. Ukishajaribu, andika kilichotokea. Alama natoa kwa ukaribu wa hizo mbili na kwa maelezo ya tofauti yake. Anayeshinda mechi bila kujua kwa nini kashinda, namshangilia, lakini alama hapati.

Mfano mmoja ambao nimeufundisha mpaka nimeupenda. Roboti za kidato cha tatu zilikuwa zinajitupa zenyewe nje ya ulingo. Hakuna aliyezisukuma, zinafika ukingoni zinapitiliza kama hazina macho. Watoto wote wakalaumu vihisi. Nikawaambia pimeni kasi. Simu, saa ya kusimamisha, rula ya mita: sentimita 70 kwa sekunde. Ukingo una upana wa sentimita 2.5. Gawanya. Unapata milisekunde 36. Maana yake kihisi kina milisekunde 36 tu za kuuona mweupe kabla hakijavuka upande wa pili. Kisha nikawaambia fungueni programu mliyoipakua mtandaoni, someni mstari kwa mstari. Katikati pameandikwa `delay(100)`. Milisekunde 100 programu imesinzia, na kwa kasi ile roboti imetembea sentimita 7 haioni chochote.

Hapo mwendo wa mstari mnyoofu wa kidato cha pili umekutana na programu ya somo la Kompyuta, na hakuna aliyeniuliza "ticha, hii itatusaidia nini maishani." Wakaifuta `delay`. Roboti zikaanza kusimama. Nyingine ziliendelea kuanguka, sababu yake nyingine kabisa, nitaieleza wakifika wataalamu wa programu humu.

Nauliza wadau: nani yuko tayari tuandae mchuano wa shule za mkoa? UMISSETA tunayo ya mpira na riadha, hii iwe nayo ya kwake. Na wenye hoja za kupinga karibuni, ila mje na hoja.

Zabibu Kavu

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu hapo kwenye satini umenimaliza. Mimi niliwahi kuona moja inasema "karibu mheshimiwa", kumbe tumboni wameficha spika ya bluetooth na dogo yuko nyuma ya pazia na simu.

Taaluma Mkongwe

Mwalimu, nakuheshimu, ila unaandika kama mtu ambaye hajawahi kuitwa kikao cha tathmini baada ya matokeo. Kwangu Fizikia ndiyo inayoniaibisha. Darasa moja watoto 70. Maabara ina ameta nne, mbili sindano zimepinda. Mwezi wa nane mada hazijaisha, wewe unaniletea sumo. Afisa elimu akija haulizi roboti ya nani ilimsukuma nani, anauliza D ngapi na F ngapi.

Nionyeshe swali moja tu la NECTA ambalo mtoto atalijibu vizuri zaidi kwa sababu ya hayo madude. Moja.

Ticha wa Mkondo

Shikamoo mzee wa taaluma. Swali halali, silikwepi.

Kidato cha nne, Mawimbi, mwangwi. Unalijua swali lenyewe: mtu kasimama mbele ya jabali, kapiga makofi, kasikia mwangwi baada ya sekunde kadhaa, tafuta umbali. Watoto wanakariri "gawanya kwa mbili" na nusu yao mtihanini wanasahau kwa sababu jabali hilo hawajawahi kuliona wala kulisikia.

Kihisi cha HC-SR04 kinafanya kazi hiyo hiyo. Kinapiga mlio wa kilohezi 40 ambao sikio halisikii, unagonga kitu, unarudi, bodi inahesabu mikrosekunde. Kwenye programu wanazopakua kuna namba 0.034, wanainakili bila kujua imetoka wapi. Sasa fikiria saa nane mchana, darasa la bati, kipimajoto kinasoma nyuzi 32. Ukuta uko mita moja kamili kwa rula. Kompyuta inasema sentimita 97. Vurugu! Kihisi kibovu, wanabadilisha: 97. Rula mbovu, wanaleta nyingine: 97. Binti mmoja wa nyuma ndiye akauliza, "hiyo 0.034 ni ya nani?"

Ni kasi ya sauti, sentimita kwa mikrosekunde. Mita 340 kwa sekunde. Lakini kasi ya sauti hewani inapanda na joto: 331 jumlisha 0.6 mara nyuzi joto. Kwa nyuzi 32 ni 350. Wakaweka 0.035, kompyuta ikasoma 100. Nikawapa la kwenda nalo nyumbani: asubuhi ya mwezi wa saba, ile baridi yetu ya upepo, nyuzi 15, programu ya mwanzo itasoma ngapi? Fanya hesabu mwenyewe mzee, utaona aliyeandika 0.034 alikuwa mahali pa baridi.

Humo kuna mwangwi, kuna kasi ya sauti na joto, kuna asilimia ya kosa. Na kugawanya kwa mbili hawasahau tena, kwa sababu aliyesahau roboti yake iliona mpinzani yuko mbali mara mbili, ikasubiri, ikasukumwa nje darasa zima likiangalia.

Taaluma Mkongwe

Kwenye mwangwi umenibana, nakubali. Lakini ulichonieleza ni jaribio la maabara. Ningeweza kulifanya kwa kihisi kimoja na kompyuta moja mbele ya darasa, dakika arobaini, nimemaliza. Mashindano ya nini?

Ticha wa Mkondo

Kwa sababu jaribio la maabara mtoto anajua jibu ninalolitaka, na anaweza kulipika. Sote tumesahihisha pendulamu ambazo g imetoka 9.8 kamili kwa uzi wa katani na saa ya ukutani. Mpinzani hapikiki. Uzito ukiupanga vibaya unasukumwa, na huwezi kunakili kwa jirani kwa sababu jirani ndiye anayekusukuma.

Chukua msuguano. Roboti ya gramu 800 ina uzito wa niutoni 8 hivi. Kizidishi cha msuguano kati ya tairi na ulingo wetu tulikipima kwa kuinua plaiwudi mpaka roboti iteleze, tukapata 0.6. Nguvu kubwa kabisa ya kusukuma ni niutoni 4.8, hata ungefunga mota ya pikipiki, maana baada ya hapo tairi zinazunguka bure. Lakini hiyo ni kama uzito wote umekaa kwenye tairi zenye mota. Karibu kila kundi limeweka betri mbele, juu ya kile kigurudumu kisicho na mota. Theluthi ya uzito imelala pale haifanyi kazi, na nguvu imeshuka hadi 3.2. Kundi moja lilihamisha betri nyuma, likapiga hesabu ya momenti kujua ihamie sentimita ngapi, likashinda mechi zote za siku ile. Kipindi kilichofuata darasa zima limehamisha betri, na hapo ndipo ikabidi wavumbue kitu kingine: kabari ya bati mbele inayomnyanyua mpinzani, ili uzito wake ukulalie wewe. Hilo sikuwafundisha, nimelikuta.

Kwenye jaribio lako la dakika arobaini, nani angepima mara ya pili kwa hiari?

Madam wa Kondoa

Ticha, hongera. Mimi niko shule ya mchanganyiko na naomba niseme jambo ambalo wanaume mnaofungua nyuzi za roboti huwa hamlisemi. Kundi la watu kumi, kompyuta moja: baada ya robo saa mvulana mmoja ameikumbatia kompyuta, wawili wanamshauri, mmoja anachezea tairi. Wasichana wameandika kichwa cha habari kwenye daftari kwa kalamu tatu za rangi. Daftari linapendeza sana. Mwisho wa muhula ukiuliza, wao walikuwa "makatibu".

Kwangu nimeweka sheria: mwenye wazo haruhusiwi kugusa kibodi. Anayeandika ni mwingine, na mwenye wazo lazima alieleze mpaka aeleweke. Mikono nyuma ya mgongo. Kuna kijana alikuwa anatetemeka mwili mzima kama anazuiwa kula. Lakini ilibidi aeleze kwa maneno kwa nini roboti irudi nyuma kabla ya kugeuka, na alipokuwa anaeleza akagundua hakuwa anajua. Kila kipindi majukumu yanazunguka kwa orodha ya mahudhurio, hakuna kuchaguana.

Na kuhusu uhaba wa kompyuta: hatusubiri zamu. Programu inaandikwa kwanza kwa penseli kwenye karatasi, na chati yake ya mtiririko, kisha kundi jingine linaisoma na kuifuata kwa miguu. Mtu mmoja anajifanya roboti, anatembea uwani akitii kila mstari. Akigonga mti, mmeona kosa kabla ya kugusa umeme.

Zabibu Kavu

Madam hiyo ya mikono nyuma ya mgongo naipeleka ofisini kwetu, na sisi siyo shule.

Fundi Redio Majengo

Naomba na sisi wa mtaani tuseme. Wanafunzi wanakuja kwangu na bodi wanasema "fundi imekufa". Haijafa. Wameweka betri nne za kawaida za redio, mota zikianza bodi inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Weka testa: bila mzigo volti 6.1, mota zikianza kuvuta inaanguka hadi 4.3. Hizo betri ni za rimoti ya runinga, siyo za kuvuta mzigo. Halafu hiyo bodi nyekundu ya L298N yenyewe inakula kama volti 2 njiani, mota inabaki na nini?

Nawauzia betri za lithiamu za mviringo zilizotoka kwenye kompyuta mpakato mbovu, nazipima moja moja. Mbili zikifuatana zikijaa ni volti 8.4. Zina nguvu, ila walimu nisikilizeni: nyaya zikigusana zinawaka moto, siyo utani. Wekeni fyuzi. Chajini kwa chaja yake yenye ulinzi, mchana, juu ya sakafu ya saruji, mtu mzima yupo. Nimesikia shule moja watoto walikuwa wanachajia bwenini chini ya godoro. Hilo likitokea roboti zitapigwa marufuku nchi nzima, na mtakuwa mmeyataka wenyewe.

Ticha wa Mkondo

Fundi, Mungu akubariki. Wanafunzi wangu walipeleka ameta: mota zikianza, ampea 1.2. Volti 1.8 zimepotea ndani ya betri. Gawanya, ukinzani wa ndani ni omu 1.5. Kidato cha tatu, Umeme. Namba zimetoka mezani kwa fundi.

La chaja bwenini naunga mkono kwa herufi kubwa. Kwetu betri zote zinalala ofisini kwangu kwenye kopo la bati lenye mchanga, na zinahesabiwa zikitoka na zikirudi.

Mwanachuo wa CIVE

Habari wakuu. Nipo UDOM, ndaki ya informatiki, na mimi ni mmoja wa hao "kaka wa chuo" wanaosemwa hapo juu. Nakiri tunaitwa kwa kuchelewa, wiki moja kabla ya maonyesho, na mwalimu anataka roboti itembee, hataki mtoto aelewe. Wewe ungefanyaje?

Ticha kasema kuna roboti ziliendelea kuanguka hata baada ya kufuta `delay`. Nadhani naijua sababu. HC-SR04 isipoona kitu mbele, waya wake wa mwangwi unabaki juu kama milisekunde 38 ndipo inakata tamaa. Amri ya `pulseIn`, ile inayopima muda wa mwangwi, inasubiri muda wote huo, programu imeganda. Umepiga hesabu ukingo unavukwa kwa milisekunde 36. Imezidi kwa mbili! Ndiyo maana roboti inaanguka pale tu ambapo mpinzani hayupo mbele yake.

Dawa: `pulseIn` inakubali kikomo cha muda. Ulingo una sentimita 77, kwenda na kurudi sauti inatumia milisekunde 4.4. Weka kikomo cha mikrosekunde 5000. Kitu kilicho mbali zaidi ya hapo hakiko ulingoni, hakikuhusu.

Jambo la pili, jua. Dodoma jua linaingia madirishani mpaka saa kumi na moja, na mwanga wa jua umejaa infraredi, ndiyo ile ile wanayoisoma vihisi vya chini. Roboti inayofanya kazi vizuri asubuhi inachanganyikiwa mchana ikipita kwenye mraba wa jua. Msiandike namba moja ya mpaka kati ya nyeusi na nyeupe mkaiacha. Zile sekunde 5 za kutulia mwanzoni ni zawadi: roboti isome nyeusi iliyoko chini yake sasa hivi, ijipangie mpaka wake. Na mkate kipande cha mpira wa ndala mzungushie kihisi kivuli.

Ticha wa Mkondo

Mdogo wangu umepiga mle mle. Ndiyo yenyewe, 38 dhidi ya 36. Ilinisumbua, kwa sababu nikiweka kitabu mbele roboti inakuwa na adabu, nikiondoa inajirusha.

Kuhusu swali lako, nimeweka kinga. Kabla ya mechi ya kwanza kila timu inapewa badiliko na refa, linaandikwa kwenye karatasi na kuokotwa: "igeuke kushoto kwanza badala ya kulia", "itulie sekunde 3", "ipunguze kasi ikiwa mpinzani yuko chini ya sentimita 15". Dakika kumi, na aliyeokotwa jina lake ndiye anayekaa kwenye kompyuta, siyo bingwa wa kundi. Kaka wa chuo ruksa kufundisha mwaka mzima, ila siku hiyo anakaa jukwaani na soda yake. VEX wao wana daftari la uhandisi ambalo majaji wanalisoma na kumhoji mtoto. Nimelichukua hilo pia: nusu ya alama ni daftari.

Mama Wawili

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu, Nkuhungu. Mwanangu wa kidato cha tatu tangu aanze haya mambo amefungua redio yangu, feni, na tochi ya baba yake. Kemia kapata 18. Na mnaanza kusema fyuzi, betri, bodi. Je, michango inakuja?

Ticha wa Mkondo

Mama, pole kwa redio. Mchango hakuna, na mwalimu akikuomba wa lazima mwulize kibali kiko wapi. Vifaa vyetu ni vya shule, vilinunuliwa mara moja, roboti zinabomolewa mwisho wa muhula zinatumika na darasa linalofuata. Hicho ndicho kinachonifanya nikatae roboti ya kuwekwa kabatini.

Kemia 18 hiyo roboti haijaisababisha, lakini hana ruhusa ya kujificha nyuma yake. Kwetu mwenye deni la kazi ya somo lolote haingii kwenye timu siku ya mechi. Mweleze mwalimu wake aige hilo, utaona Kemia itakavyoamka.

Mgogo Halisi

Mnazungumzia mjini. Sisi huku Chamwino ndani ndani umeme upo, unakatika, kompyuta tunazo tatu na moja haina skrini. Hii ni ya kina nyie.

Madam wa Kondoa

Kaka, kompyuta moja inatosha kupakia programu, kazi yenyewe iko kwenye karatasi na uwani. Arduino ikishapakiwa haihitaji kompyuta tena, inaikumbuka programu hata ukizima. Anza na roboti mbili tu, zinatosha kupigana.

Mwanachuo wa CIVE

Na kuna walimu wanaosubiri waraka. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali, kila mtu anazungumzia vitendo. Mkisubiri mwongozo wa roboti utoke mtachelewa, na mada mnazozihitaji zimeshaandikwa kwenye silabasi ya Fizikia: mashine rahisi, momenti, msuguano, umeme, mawimbi, elektroniki. Hata uwiano wa gia wa mota za njano, 1 kwa 48, ni swali la mashine rahisi.

Taaluma Mkongwe

Nimesoma yote. Bado sijakubali darasa zima, watoto 70, kila wiki. Hilo ni la mwenye nguvu za ujana. Lakini kipindi cha pili cha vile viwili vya mfululizo, mara moja kwa wiki mbili, kidato cha tatu peke yake, nitalijaribu, na nitalinganisha mtihani wa muhula wa mkondo unaocheza na usiocheza. Usipopanda usinitafute.

Huo mchuano unafanyika wapi na lini? Na sheria ya tairi ikoje? Nawajua vijana, watapaka gundi.

Ticha wa Mkondo

Sawa kabisa mzee, na matokeo yako uyalete humu humu, yakiwa mabaya pia.

Tarehe tunapanga baada ya mitihani ya muhula, Jumamosi, ili mabasi ya Mpwapwa, Kongwa na Kondoa yafike na kurudi siku moja. Mahali tunaongea na watu wawili, nitaweka hapa likikamilika. Masharti ya ukumbi: madirisha yenye mapazia, meza ya fundi yenye ndoo ya mchanga, na ulingo miwili ili watoto wasishinde wamekaa.

Tairi: roboti inawekwa juu ya kipande cha karatasi ngumu, inainuliwa. Karatasi ikining'inia zaidi ya sekunde mbili, imetolewa. Ni sheria ya sumo ya siku zote, sikuitunga mimi. Kuongeza uzito kwa nati na vyuma chakavu ruksa mpaka gramu 800, mizani itakuwa mlangoni.

Fundi Redio Majengo

Mizani nitaleta mimi, ile ya shule haieleweki. Na fyuzi za kuuza nitakuwa nazo, wasije bila.

Taaluma Mkongwe

Niandikie timu mbili. Ila madaftari nasahihisha mimi, siyo wewe, maana wewe umeshawapenda. Jibu bila yuniti ni sifuri, hata kama roboti imeshinda.

Ticha wa Mkondo

Timu mbili zimeandikwa, na madaftari ni yako. Madam, za Kondoa ngapi?

Madam wa Kondoa

Tatu, na moja ni ya wasichana watupu. Hawa hawana katibu.